Kisangani: namna ya kuchagua magurudumu ya kinga ya mazoezi na mashindano bila kumaliza pesa ya nyumba

Kijana wa Kapalata anayetaka kukimbia mashindano ya kinga anakutana na swali moja mbele ya mengine yote: pesa kidogo aliyoweka pembeni, aiweke kwenye magurudumu gani? Sokoni kuna yale ya kung'aa yenye rayo chache, kuna yale ya chuma mazito, na kuna ya okazioni yaliyotoka Ulaya. Makala hii inaeleza namna ya kuyatofautisha, na kwa nini gurudumu la bei ndogo siyo kila mara lile linalogharimu pesa kidogo.

Kinga ni kazi, siyo mchezo tu

Ku Kisangani, kinga ina historia yake. Wakati wa shida ya miaka ya 1990 na vita vilivyofuata, magari yalipokosa na mafuta yakawa ghali, watu walipanda nyuma ya kinga. Ndipo likazaliwa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya « tupite ». Mwezi wa sita mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji, kinga ilikuwa kati ya vyombo vichache ambavyo mtu wa kawaida angeweza kuwa navyo. Leo pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini kinga bado inabeba makala, ndizi, mihogo na bido za mafuta ya ngazi kutoka vijiji vya barabara ya Buta na barabara ya Ituri.

Kwa hiyo, kwa vijana wengi, kinga ya mazoezi na kinga ya kazi ni moja. Saa kumi na moja ya asubuhi inakwenda mbio, saa mbili inatafuta chakula. Gurudumu likivunjika kwenye mazoezi, siku hiyo nyumba nzima inasikia. Hiyo ndiyo sababu ushauri wa magazeti ya michezo ya Ulaya, ambao unaanza na wepesi wa gurudumu, hausaidii sana mtu wa hapa. Hapa swali la kwanza ni lingine: likiharibika, nani atalitengeneza, na kwa vyombo gani?

Kuwaza mashindano siyo ndoto ya bure. Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya kinga ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye bara la Afrika. Mnyarwanda Gasore Hategeka alibeba viazi kwa kinga ya mizigo mbele ya kuingia timu ya taifa. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa David Kinjah wa Kikuyu, Kenya. Kwenye kiwanja cha Kinjah vijana wanajifunza kutengeneza kinga sawa vile wanavyojifunza kuiendesha. Kutengeneza ni sehemu ya mchezo.

Gurudumu lina vitu gani

Mbele ya kununua, ni vizuri kujua kila kitu kwa jina lake. Janti ni ile duara ya nje inayoshika pine. Rayo ni vijiti vyembamba vya chuma vinavyovuta janti kuelekea katikati. Kitovu ni kile kichwa cha katikati kinachozunguka, chenye bile ndani yake. Kwenye gurudumu la nyuma kuna pia pinyo, yale meno yanayopokea sheni.

Watu wengi wanafikiri rayo zinabeba uzito kama nguzo za nyumba. Hapana. Rayo ni kamba. Kila moja imevutwa kwa nguvu, na gurudumu linasimama kwa sababu zote zinavutana sawasawa. Rayo moja ikilegea, zile za jirani zinafanya kazi yake. Kila mzunguko inalegea na kukazwa, inalegea na kukazwa, sawa waya ambao mtoto anaukunja mara nyingi mpaka unakatika. Ndiyo maana rayo nyingi hazivunjiki siku ya shimo kubwa. Zinavunjika siku ya kawaida, kwenye barabara nzuri, kwa sababu zililegea miezi mitatu nyuma na hakuna aliyezigusa.

Gurudumu la nyuma ndilo linaloteseka. Linabeba zaidi ya nusu ya uzito wa mtu, linapokea nguvu yote ya miguu, na kama kuna abiria ao mzigo, karibu wote uko juu yake. Mwenye pesa ya gurudumu moja tu zuri aanze na la nyuma.

Namba inayodanganya: 28

Kosa la kwanza linalokula pesa ya wanunuzi ni kipimo. Muuzaji anasema: « Hii ni vingt-huit, inaingia. » Lakini kuna 28 za namna mbili ambazo haziingiliani.

Kinga nyeusi za kazi, zile za chuma zilizozoeleka tangu zamani, zinatumia janti ya milimita 635. Kwenye pine yake inaandikwa 28 x 1 1/2, na Wafaransa wanaiita 700B. Kinga za mashindano zinatumia janti ya milimita 622, ndiyo 700C. Tofauti ni milimita 13 tu, jicho haliioni kwa haraka. Lakini pine ya 635 kwenye janti ya 622 italegea na kuruka, na pine ya 622 haiwezi kupanda juu ya janti ya 635 hata mtu akivuta na vijiko vya chuma.

Dawa ni kusoma namba ndogo zilizo pembeni ya pine. Kila pine nzuri inaandikwa namba mbili zenye mstari katikati, kwa mfano 28-622 ao 40-635. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipimo cha janti. Namba ya pili ndiyo ya kuamini. Jambo lingine la kusaidia: pine za kinga za mlima zinazoitwa 29 nazo zina kipimo cha 622, lakini zile za 26 zina 559, ni kitu kingine kabisa.

Kuna pia breki. Kinga nyeusi yenye breki za fimbo, zile ambazo zinavuta kutoka chini na kugusa upande wa ndani wa janti, haipokei janti ya mashindano hata kama kipimo kingekubali. Janti zake zina umbo lingine. Mtu anayetaka kugeuza kinga ya namna hiyo kuwa ya mashindano atabadilisha breki, janti, na pengine uma wa mbele. Akihesabu vizuri, ataona heri kutafuta kinga nyingine ya zamani ya mashindano, na ile nyeusi iendelee na kazi yake.

Kitu cha mwisho cha kupima ni nafasi ya gurudumu ndani ya fremu. Mbele, kinga ya mashindano ya kawaida ina milimita 100. Nyuma, zile za zamani za pinyo sita ao saba zina 126, zile za pinyo nane mpaka kumi na moja zina 130, na zile za mlima 135. Kinga mpya zenye breki za sahani zina vipimo vyao vingine, na chuma cha katikati ni kinene. Rula ya mwanafunzi inatosha: kupima ndani ya fremu, kuandika namba kwenye karatasi, na kwenda nayo sokoni.

Uzito: kitu kinachosemwa sana

Wauzaji wanapenda kuinua gurudumu kwa kidole kimoja. Wepesi ni mzuri, lakini tuone unaleta nini.

Magurudumu mawili ya alumini ya bei ndogo yana uzito wa kilo 1,8 mpaka 2 hivi. Ya kaboni ya bei kubwa yanaweza kuwa na kilo 1,4 ao 1,5. Tofauti ni nusu kilo. Mtu mwenye kilo 70, pamoja na kinga na chupa ya maji, anafika karibu kilo 80. Nusu kilo kwa kilo 80 haifiki hata sehemu moja kwa mia. Kwenye mlima wa dakika kumi, faida ni sekunde nne hivi. Na mazingira ya Kisangani siyo Kigali ao Bukavu: hapa ni bonde la mto, barabara nyingi ni za tambarare. Nusu lita ya maji ambayo mtu anakunywa njiani ina uzito ule ule.

Kwenye barabara ya tambarare yenye lami, mtu akifika kilometa 30 kwa saa, kinachomzuia zaidi ni hewa. Na anayekata hewa ni mwili wake zaidi ya magurudumu. Kuinama vizuri, kuvaa nguo isiyopepea, na kujua kukaa nyuma ya mwenzake kwenye kundi kunaleta kasi kuliko gurudumu lolote. Hayo yote ni ya bure.

Kwenye udongo na mashimo, kinachozuia ni kutikisika. Hapo jibu liko kwenye pine na pompi, tutafika.

Rayo ngapi?

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Magurudumu ya mashindano yanayoonekana kwenye televisheni yana rayo 16, 20 ao 24. Sheria ya chama cha kinga cha dunia, UCI, kwa mashindano ya kundi inataka rayo zisipungue 12. Kwa hiyo rayo chache zinaruhusiwa. Lakini wale wa televisheni wana gari nyuma yao lenye magurudumu mengine juu ya paa. Kijana wa Kapalata nyuma yake kuna vumbi tu.

Gurudumu lenye rayo 36 likipoteza moja, linayumba kidogo, mtu anafungua breki kidogo na anarudi nyumbani. Gurudumu lenye rayo 20 likipoteza moja, linapinda sawa namba nane, linagusa fremu na halizunguki tena. Mtu anabeba kinga begani. Kama ni kilometa 25 kwenye barabara ya Buta na mvua inakuja, hiyo siyo hadithi ya kuchekesha.

Kwa barabara za hapa, hesabu rahisi ni hii. Kwa mazoezi ya kila siku, rayo 32 mbele na 32 ao 36 nyuma. Kwa siku ya mashindano, mtu asiye mzito, chini ya kilo 75 hivi, anaweza kushuka mpaka 28 nyuma na 24 mbele, kama janti ni nzuri na fundi amezikaza vizuri. Kwa kinga inayobeba abiria ao mzigo, isishuke chini ya 36. Kinga nyingi nyeusi za zamani zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, na waliozitengeneza hivyo walijua sababu.

Namna ya rayo nayo ina maana. Rayo ya kawaida ina kichwa kilichopinda, unene wa milimita 2, na fundi yeyote anaweza kuitafuta. Magurudumu mengine ya kisasa yanatumia rayo zilizonyooka bila kichwa cha kupinda, ao zilizo bapa sawa kisu. Zikivunjika, ni kuagiza Kinshasa ao Kampala na kusubiri. Mbele ya kulipa, swali la kumuuliza fundi wa mtaa ni moja tu: « Rayo ya hii unayo? » Akisema hapana, gurudumu hilo siyo la bei ndogo, hata kama muuzaji anatoa kwa nusu.

Mashua kutoka Kinshasa zinasafiri karibu kilometa 1 700 kwenye mto kufika hapa. Kila kitu kisichopatikana Kisangani kina bei mbili: ile inayolipwa na pesa, na ile inayolipwa na wiki za kusubiri. Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu wanafunga rayo mbili za akiba kwenye fremu. Waangalie vizuri: kwenye kinga moja mara nyingi kuna urefu wa namna tatu, wa mbele, wa nyuma kulia na wa nyuma kushoto.

Kitovu: bile ao rulma iliyofungwa?

Ndani ya kitovu kuna njia mbili. Ya zamani ni bile za chuma zinazozunguka ndani ya grisi, na kipande cha kukaza kila upande. Ya kisasa ni rulma iliyofungwa, ambayo mtu anaitoa nzima na kuweka mpya.

Ku Kisangani mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na maji ya matope ni adui wa vyote viwili. Kitovu cha bile kinaomba kufunguliwa mara kwa mara, kuoshwa na petroli, kupakwa grisi mpya na kukazwa bila kubana. Kazi hiyo fundi anaifanya kwenye kivuli cha mti kwa muda mfupi, na bile zenyewe zinauzishwa moja moja. Rulma iliyofungwa inadumu zaidi bila kuguswa, lakini siku ikifa, imekufa. Uzuri ni kwamba kila rulma ina namba iliyochongwa pembeni. Zile zenye namba kama 6001 zinaweza kupatikana kwa wauza vyombo vya pikipiki, lakini zile nyembamba kama 6902 ni ngumu zaidi kupata. Kuuliza namba mbele ya kununua ni kazi ya dakika moja.

Kosa linaloua vitovu vingi ni kukaza sana. Mtu anasikia gurudumu linacheza kidogo, anakaza mpaka mwisho, na bile zinaanza kula chuma. Kitovu kizuri, mtu akikizungusha kwa vidole, hakichezi pembeni na hakisagi ndani.

Chuma, alumini ao kaboni

Janti ya chuma ni nzito na inavumilia kupigwa, fundi anaweza kuinyoosha kwa nyundo na ubao. Ubaya wake mkubwa ni breki: ikilowa maji, breki za mpira zinateleza juu yake na kinga inachelewa sana kusimama. Kwenye mji wenye mvua, pikipiki na watoto barabarani, hilo ni jambo la uhai.

Alumini ni nyepesi, inashika breki vizuri hata kwenye maji, na haili kutu haraka. Kwa mazoezi na mashindano ya hapa, ndiyo jibu. Zile zenye kuta mbili ndani, ambazo ukizichungulia kwenye tundu la pompi unaona nafasi katikati, zina nguvu kuliko zile za ukuta mmoja.

Kaboni ni ya wenye pesa na wenye fundi wa kaboni. Ikipigwa na jiwe inaweza kupasuka ndani bila kuonekana nje. Hainyoshwi wala haichomelewi. Kwenye breki za kugusa janti, ikilowa inashika vibaya, na inaomba mipira ya breki ya pekee. Kaboni ya bei ndogo isiyo na jina la kiwanda ndiyo hatari zaidi. Mtu aliye na pesa ya kaboni anunue alumini, na pesa inayobaki anunue pine nzuri na chakula cha mazoezi.

Okazioni: bahati na mtego

Kuna habari nzuri kwa mwenye pesa kidogo. Tangu mwaka 2018, UCI iliporuhusu rasmi breki za sahani kwenye mashindano ya barabara, timu kubwa na wanunuzi wa Ulaya waliacha polepole magurudumu ya breki za kugusa janti. Magurudumu mazuri ya namna hiyo yanauzishwa huko kwa bei iliyoshuka, na mengine yanafika kwetu. Kwa kinga ya zamani ya mashindano, hayo ni mali.

Lakini janti ya breki za namna hiyo inalika. Mchanga na matope vinashika kwenye mpira wa breki na kufanya kazi ya tupa. Ukuta wa janti unakuwa mwembamba, na siku moja, pine ikiwa imejaa pompi, unapasuka. Kwa hiyo mnunuzi asilipe mbele ya kufanya haya:

Kwanza, aweke makali ya rula kwenye ukuta wa janti, pale breki inapogusa. Ukuta mzuri ni bapa. Ukiona mwanga chini ya rula katikati, sawa bakuli, hapana kununua.

Pili, aangalie kila tundu ambapo rayo inaingia kwenye janti. Mipasuko midogo kama nywele pale ni mwisho wa janti.

Tatu, alizungushe ndani ya fremu, na aangalie nafasi kati ya janti na breki. Kuyumba kushoto na kulia fundi anaweza kurudisha. Kupanda na kushuka, ao mahali pamoja palipobonyea kwa shimo, ni kugumu zaidi.

Nne, agonge rayo moja moja kwa ukucha, sawa mpiga gitaa. Zile za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Ile inayotoa sauti ya kufa imelegea. Asishangae kama upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma una sauti ya chini kuliko wa kulia, hiyo ni kawaida kwa sababu ya nafasi ya pinyo.

Tano, aombe fundi ajaribu kugeuza vichwa vya rayo kwenye janti. Vikiwa vimeshikwa na kutu, gurudumu halitanyooshwa tena.

Sita, ashike kitovu na kuzungusha chuma cha katikati kwa vidole, na asikilize pinyo zikizunguka kurudi nyuma. Sauti ya mchanga ni bei ya kupunguzwa, ao sababu ya kuondoka.

Muuzaji asiyekubali gurudumu lijaribiwe mchana, kwenye mwanga, ameshajibu.

Pine na pompi: pesa inayorudi haraka

Kitu kimoja kinaweza kubadilisha kinga bila kubadilisha gurudumu: pine. Pine ngumu ya bei ndogo inakula nguvu ya miguu. Pine laini ya ubora mzuri, kwenye janti ile ile, inaweza kuleta faida kubwa kuliko ile nusu kilo ya kaboni, kwenye tambarare na kwenye mlima vilevile.

Upana nao umebadilika. Zamani wakimbiaji walipenda pine za milimita 20 ao 23 zilizojaa pompi mpaka kuwa mawe. Siku hizi hata mabingwa wanatumia 28 na zaidi, kwa sababu kwenye barabara isiyo laini pine nyembamba na ngumu inaruka, na kila kuruka ni nguvu iliyopotea. Kwa barabara za Kisangani, 28 kwa mashindano ya lami na 32 kwa mazoezi ni nzuri, kama fremu na breki zina nafasi. Mtu wa kilo 70 anaweza kuanza na bar 5 hivi kwenye 28, na bar 4 hivi kwenye 32, kisha aongeze ao apunguze kidogo. Ikipungua sana, shimo linabana mpira wa ndani kwenye janti na unatoboka matundu mawili sawa alama ya meno ya nyoka.

Hapo panapatikana njia ya bei ndogo ya kuwa na « magurudumu mawili »: janti moja yenye nguvu, na pine za namna mbili. Za mazoezi zinabaki wiki nzima, za mashindano zinawekwa usiku wa mwisho na kutolewa kesho yake. Zinadumu muda mrefu kwa sababu hazioni makala wala bido.

Pesa ianze wapi

Tuchukue mfano wa hesabu tu, siyo bei ya soko. Gurudumu moja linauzishwa dola 40 na linakufa baada ya miezi sita. Lingine ni dola 70 na linadumu miaka miwili kwa sababu fundi anabadilisha rayo na bile. La kwanza linagharimu karibu dola 7 kwa mwezi, la pili halifiki dola 3. Swali la « bei ya mwisho ngapi? » liende pamoja na swali la « litadumu muda gani, na nani atalitengeneza? »

Kwa mwenye pesa kidogo, mpango unaofaa ni huu. Pesa ya kwanza iende kwa fundi: kukaza rayo zote, kusafisha vitovu, kubadilisha bile na grisi. Mara nyingi kinga inakuwa nyingine siku hiyo hiyo. Pesa ya pili iende kwenye pine. Ya tatu kwenye gurudumu la nyuma, janti ya alumini ya kuta mbili na rayo 32 ao 36 za kawaida. La mbele lifuate baadaye. Wepesi unakuja mwisho, kama pesa imebaki.

Na kwa yule ambaye kinga yake inabeba mzigo, kuna jambo gumu la kuambiana: gurudumu la mbio na gurudumu la makala haviwezi kuwa kimoja kwa muda mrefu. Wakaaji wa Goma wanajua chukudu, na magurudumu yake madogo mazito. Hakuna anayeyacheka, kwa sababu yametengenezwa kufuata mzigo. Kijana asiyeweza kununua kinga ya pili atafute walau gurudumu la nyuma la pili, hata la okazioni, lenye pine yake na pinyo zake juu. Kulibadilisha kunachukua dakika tano. La kazi linalipa chakula, la mbio linangoja siku yake ukutani.

Jambo la kufanya kila Jumapili

Gurudumu zuri bila matunzo linakuwa baya. Dakika kumi kwa wiki zinatosha: kuosha matope kwenye janti na mipira ya breki, kutoa vijiwe vilivyoshika ndani ya mpira, kugonga rayo na kusikiliza, kuzungusha gurudumu na kuangalia kama linayumba, kupima pompi. Rayo moja iliyolegea ikionekana Jumapili, ni kazi ndogo ya fundi. Ikionekana Alhamisi, mbali kwenye barabara ya Buta, ni kutembea na kinga mkononi, na siku nzima ya kazi imekwenda.